Mita 30 za mto zilitoka wapi, na nani aliulizwa?

Uzi.

Kila mvua kubwa ikinyesha Nairobi, mjadala ni ule ule. Upande mmoja unasema watu wamejenga mtoni, sheria inasema mita 30, waondoke. Upande wa pili unasema wananchi hawakushirikishwa. Uchaguzi ukipita, hao hao wanabadilishana magoli kama timu kipindi cha pili, na aliyekuwa akilia "hatukuulizwa" sasa ndiye anayesema "maoni tulikusanya".

Kanuni ya ukurasa huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Leo nafuata kitu kimoja tu. Hizo mita 30 ziliandikwa wapi, lini, na mbele ya nani?

Wengi wanadhani kuna sheria moja ya bunge iliyosema "mita 30 kutoka mtoni" na habari ikaisha. Mimi nimezitafuta. Nilichokuta ni kanuni kadhaa, kila moja na ofisi yake, kila moja na namba yake.

Kanuni za kilimo za 1965, zilizotungwa chini ya sheria tuliyorithi kwa mkoloni, zilikataza kulima, kukata mimea au kulisha mifugo ndani ya mita 2 za kijito. Mto ukiwa mpana zaidi ya hapo, umbali unakuwa sawa na upana wa mto wenyewe, mpaka mwisho wa mita 30.

Kanuni za kugawa viwanja za 1998, chini ya sheria ya mipango ya ardhi, zikasema si chini ya mita 10 kila upande.

Kanuni za ubora wa maji za 2006, za NEMA, zikasema upana kamili wa mto, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30, na upimaji uanzie pale mafuriko makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa yalipofika.

Kanuni za rasilimali za maji za 2007 nazo zikasema mita 6 hadi 30. Ila hizi zikaanzia kwenye ukingo wa mto, si kwenye alama ya mafuriko.

Watu wa pwani wasijione wametengwa. Kanuni za upimaji za 1994 zinataja mita 60 kutoka pale maji ya bahari yanapofika yakijaa, na mita 30 kwa mito inayojaa na kupwa pamoja na bahari. Hapo ndipo wengi wanapookotea hiyo 30 na kuipeleka Mathare, ambako bahari haijawahi kufika.

Sasa chukua kijito cha mita 3, kama vile vinavyopita nyuma ya nyumba zetu. Bwana kilimo atakwambia kaa mita 3. Mtu wa maji atakwambia 6. Mtu wa mipango atakwambia 10. Mtu wa NEMA atakwambia 6 pia, lakini kwanza nionyeshe mafuriko yaliishia wapi. Na mheshimiwa kwenye televisheni atakwambia 30. Ona: kwenye kanuni za mto wa kawaida, 30 ndiyo kikomo cha juu, ya mto mpana. Kwenye siasa imegeuka kuwa kipimo cha kila mfereji.

Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Mtu wa kilimo alikuwa anaogopa udongo kusombwa. Mtu wa mipango alitaka njia ya kupitisha mabomba na mitaro. NEMA ilitaka kuzuia uchafu usiingie majini. Mpima alikuwa analinda ardhi ya serikali. Kila mmoja aliandika kutoka dirisha la ofisi yake, na kwa kazi yake namba yake ilikuwa na maana. Shida ni kwamba mto ni mmoja, na anayeishi kando yake ni mmoja, na hakuna kikao kilichowaleta wote wanne mbele yake.

Hii tabia ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe. 1897 mkoloni alitunga kanuni za misitu ya Ukambani. Unajua zilikuwa za nini? Zilikuwa za reli. Misitu ya kandokando ya reli iliwekwa chini ya usimamizi wa reli, kwa sababu treni zilihitaji kuni. Aliyekuwa akilisha mbuzi hapo na kukata fito za nyumba hakuwa mdau, alikuwa kizuizi. Baadaye ikaja sheria ya misitu, ya wanyama, ya maji, ya kilimo, kila idara na yake. Tulipopata uhuru tulibadilisha bendera, makabati ya sheria tukayaacha vile vile.

Kufikia miaka ya 1990 sheria zinazogusa mazingira Kenya zilikuwa zaidi ya 70. Zaidi ya sabini, ndugu zangu, na hakuna hata moja iliyokuwa mama yao.

Na kama ulitaka kulalamika? Hapo nawapa kesi ya 1989. Kampuni ya gazeti la chama tawala cha wakati huo ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwanzilishi wa Green Belt Movement akaenda mahakamani. (Jina lake mnalijua, lakini baadaye aliingia bungeni, kwa hivyo kanuni ya ukurasa inanifunga.) Mahakama haikujibu kama jumba ni zuri au baya. Ilimwambia hana haki ya kushtaki, kwa sababu yeye binafsi hajadhurika kuliko mtu mwingine yeyote. Yaani bustani ni ya wote, kwa hivyo hakuna wa kuitetea. Jumba halikujengwa, lakini si mahakama iliyolizuia. Kelele za watu na wafadhili kurudi nyuma ndizo zilizolizuia.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, wengi wanaiita EMCA, ilikuja na majibu mawili kwa matatizo haya mawili. Kifungu cha 3 kilisema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na anaweza kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Mlango uliofungwa 1989 ukafunguliwa. Na kifungu cha 148 kikasema sheria zote za zamani zinazohusu mazingira zitaendelea kutumika, lakini zikigongana na EMCA, EMCA ndiyo itashinda.

Hicho cha 148 ndicho ninachotaka tukitafune kidogo. Kuoanisha sheria kuna njia mbili. Unaweza kukaa chini, ukasoma sheria zaidi ya 70 moja moja, ukaita watu wanaoguswa na kila moja, ukarekebisha. Hiyo ni miaka mingi na ugomvi mwingi. Au unaweza kuandika sentensi moja: "tukigongana, mimi ndio mkubwa". Tulichagua sentensi moja. Siwalaumu sana walioandika, maana hata kupata hiyo EMCA ilikuwa kazi. Lakini matokeo yake ni kwamba mgongano haukuondolewa, uliahirishwa mpaka siku ya kesi. Na kesi ni ya mwenye wakili. Mama anayepanda sukuma kando ya mto Ngong hana wakili, ana jembe.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Hapa watu wa mtandaoni hupenda kuishia kwenye kifungu cha 10, kile kinachotaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Sawa. Lakini kwa mazingira kuna cha 42, haki ya mazingira safi. Cha 69, kinachoilazimu serikali kuhimiza wananchi washiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Na cha 70, kinachorudia kwamba si lazima uthibitishe umeumia ndipo ushtaki. Bunge nalo linabanwa na cha 118, na mabunge ya kaunti na cha 196.

Baada ya hapo sheria zilimiminika. Wanyamapori 2013. Maji 2016. Misitu 2016. Madini 2016. Mabadiliko ya tabianchi 2016. EMCA yenyewe ilifanyiwa marekebisho 2015 ili ifanane na kaunti. Kazi kubwa, na kwenye nyingi ya hizi kuna nafasi ya watu wa chini, kama vyama vya jamii vya misitu na vyama vya watumiaji maji.

Lakini hebu tazama hii stori ya sheria ya tabianchi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vile neno "ushirikishwaji" linavyotumika.

Mswada wa kwanza haukutoka wizarani. Mashirika ya kiraia ndiyo yaliyousukuma kwa miaka, yakauzungusha, mbunge mmoja akaupeleka bungeni kama mswada wake binafsi. Ukapitishwa 2012. Januari 2013 ukafika mezani kwa rais, na rais akakataa kutia saini. Sababu? Umma haukushirikishwa vya kutosha.

Kuna namna mbili za kusoma jambo hilo, na zote zina ukweli. Moja: inachekesha kidogo kwamba mswada uliosukumwa na mashirika ya wananchi ndio ulioambiwa hauna wananchi, wakati mingi iliyoandikwa na maofisa ilikuwa inapita bila swali. Mbili: mashirika si wananchi wote. Warsha za hoteli za Nairobi na Naivasha si sawa na kukaa na mfugaji wa Turkana au mvuvi wa Vanga. Mimi nasimama na hiyo ya pili kwa sehemu kubwa, ila nauliza kwa nini kipimo kikali hivyo kilitumika siku hiyo na hakikutumika siku nyingine.

Maana sheria ilipatikana hatimaye Mei 2016. Na ilipofanyiwa marekebisho kuingiza biashara ya kaboni, mambo ambayo wengi wetu hata hatujayaelewa hadi leo, ilitiwa saini 1 Septemba 2023. Mkutano mkubwa wa Afrika wa tabianchi ulianza Nairobi tarehe 4. Siku tatu. Marekebisho yenyewe yana mambo mazuri: miradi ya kaboni ya ardhini inatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, baada ya gharama. Lakini kama wageni wanasubiriwa uwanja wa ndege, huwezi kuniambia maoni ya mfugaji yalikuwa yanasubiriwa pia.

Kwa hivyo sheria inaweza kukataliwa kwa kukosa wananchi ikiwa haina haraka na mtu, na nyingine ikapita mbio ikiwa na mgeni wa heshima.

Sasa turudi mtoni, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Rudia kuangalia zile namba za mita. Je, umeona hata moja ndani ya sheria ya bunge? Zote ziko kwenye kanuni. Kanuni hutungwa na waziri, zinachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwananchi husikia habari zake akipigwa notisi. Sisi huku mtandaoni tunapigania miswada. Mswada una jina, una mbunge, una kura ya kurekodiwa kwenye televisheni. Kanuni haina sura. Ila kanuni ndiyo inayosema mita ngapi, faini ngapi, leseni ya nani, fomu ipi.

Na zile zote nilizotaja ni za kabla ya 2010. Sheria mama za baadhi yake zilishafutwa: ya kilimo 2013, ya maji ikafuatwa na ya 2016, ya mipango ikafuatwa na ya 2019. Namba zikabaki vichwani mwa maofisa na kwenye mabishano yetu kama vile ziliteremshwa kutoka mlimani.

Matokeo mliyaona. Agosti 2018 matingatinga yalishusha majengo makubwa Nairobi kwa madai kwamba yamekaa juu ya mto: kituo cha mafuta Kileleshwa, jumba la maduka Langata, jingine Westlands. Wenye mali wakasema walikuwa na vibali vya serikali. Watu wakashangilia kwamba matajiri nao wameguswa, na mimi sikatai kwamba ilikuwa tamu kutazama. Lakini swali la kisheria lilibaki: kama ofisi moja inakupa kibali na ofisi nyingine inakubomolea, tatizo si mto.

Halafu Aprili na Mei 2024. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Agizo likatoka, walio ndani ya mita 30 waondoke. Mathare, Mukuru. Watu wengine waliahidiwa shilingi 10,000 za kwenda kuanza upya. Hapa hakukuwa na vibali vya kubishania. Wengi walikuwa wapangaji, na mpangaji hana hata karatasi ya kumfanya aitwe mdau.

Ndugu yangu mmoja kwenye majibu ya uzi uliopita aliandika: mafuriko yakija si wakati wa kuitisha maoni, ni wakati wa kuokoa watu. Nakubaliana naye kabisa. Lakini mvua haikuanza 2024. Kati ya El Niño ya 1997 na 1998 na leo tulikuwa na miaka zaidi ya 25 ya kukaa chini na watu wa mtoni, kukiwa kukavu.

Na tungewauliza nini? Si kwamba tungewauliza kama wanapenda kuhamishwa. Kumbuka ile kanuni ya 2006: pima kutoka mafuriko makubwa yaliyowahi kurekodiwa. Yamerekodiwa na nani? Vijito vingi vya mjini havina kipimo cha maji. Kumbukumbu iliyopo ni ya mzee anayekuonyesha ukutani, "1997 maji yalifika hapa", na ya mama anayejua ni mfereji upi ulizibwa na jengo la nani. Bila hao kanuni haiwezi hata kutekelezwa. Serikali inawahitaji hao watu ili sheria yake ifanye kazi, si ili ionekane ina heshima.

Nimehudhuria vikao vya maoni, naujua mwenendo. Tangazo linatoka gazetini Ijumaa, kikao ni Jumanne. Nakala ni ya Kiingereza, kurasa nyingi, iko kwenye tovuti ambayo haifunguki kwa simu. Ukifika unaandika jina na kusaini. Anasimama ofisa anasoma vichwa vya sehemu, mnaulizwa kama kuna swali, chifu anatazama saa. Ile orodha ya majina ndiyo baadaye itaitwa ushahidi kwamba mlikubali. Hamkukubali, mlisaini kwamba mlikuwepo.

Mahakama zimeanza kuliona hilo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya kanuni za tumbaku, ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba tu. Mwaka huo huo, Juni, Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, cha megawati 1,050. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Lakini ilikuwa ya kutambulisha mradi, kabla ya ripoti ya athari. Ripoti ilipotoka, watu wa Lamu hawakurudishiwa waisome na kuijibu ipasavyo. Baraza pia likaona kwamba sheria ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Ona hapo mambo mawili yamekutana: watu hawakuulizwa, na sheria mbili za mazingira hazikusomwa pamoja. Mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Mvuvi akiwepo mezani atauliza kuhusu samaki, maji ya moto, moshi na nyumba yake kwa pamoja, hajui kwamba hizo ni wizara tofauti.

Na isionekane kwamba sisi hupoteza kila mara. 2021 kulikuwa na mswada wa kupunguza ulinzi kwenye kifungu cha 34 cha sheria ya misitu, kile kinachoweka masharti kabla ombi la kubadilisha mpaka wa msitu halijafika bungeni. Watu waliusoma mapema, wakaandika memoranda, wakapiga kelele, na mswada haukupita. Lakini huo ulikuwa mswada. Ulikuwa na namba. Tuliuona.

Kwa kanuni, silaha iko na wachache wanaitumia. Tangu 2013 kuna sheria ya hati za kisheria. Inamtaka anayetunga kanuni ashauriane kwanza na watakaoguswa, kisha aambatishe maelezo: alishauriana vipi, alisikia nini, alibadilisha nini. Kanuni lazima zifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo hazina nguvu. Bunge linaweza kuzifuta. Na zinakufa zenyewe baada ya miaka 10, zikiongezwa muda ni mara moja na usizidi miezi 12.

Kwa hivyo ukiona kwenye Gazeti Rasmi kanuni mpya ya maji, taka, kelele au ukingo wa mto, usiulize kama wadau walishirikishwa, maana jibu huwa ndiyo. Omba yale maelezo. Tafuta pale wanapotakiwa kusema walibadilisha nini baada ya kuwasikiliza watu. Kama pako patupu, andikia kamati ya bunge inayopitia kanuni, taja namba ya tangazo, na uweke jina la mto wako.

Walio na nakala za notisi za 2024 zinazotaja mita, nitumieni kwa ujumbe wa ndani, mkifuta majina. Nataka kulinganisha namba. Uzi ujao ni mchanga wa mito ya Ukambani.